Kununua gari la naitro la mashindano: lipi la kwanza, lipi lisubiri, na lipi uliache dukani

Injini ya gari lako dogo la rimoti ikizimika dakika ya 22 ya fainali nawe uko wa tatu, huna la kufanya pale juu jukwaani ila kushika rimoti na kuwatazama wenzako wakikupita. Hilo lilinipata msimu wangu wa kwanza. Gari lilikuwa jipya, zuri, nimelidunduliza miezi mingi. Injini ndiyo niliyoichukua kwa bei ya kutupa, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba imekula galoni tatu tu. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue gari gani, naanza na mafuta, naenda kwenye injini, kisha namuuliza spea atazipata kwa nani. Gari lenyewe linakuja la nne.

Ninazungumzia bagi za naitro za skeli ya 1/8, yaani magari ya rimoti yenye ukubwa wa moja ya nane ya gari halisi, yanayotumia mafuta yenye nitromethani: gari la wazi, magurudumu yote manne yanavuta, linakimbizwa kwenye uwanja wa udongo wenye miruko. Injini yake ni ya stroki mbili, mwisho sentimita za ujazo 3.5. Kanuni za kimataifa zinataka tangi lisizidi mililita 125 na gari lisipungue kilo 3.2. Mililita 125 ni chini ya nusu ya chupa ndogo ya soda, na zinaisha ndani ya dakika nane hadi kumi hivi. Kwa hiyo mbio za naitro ni kazi ya watu wawili. Mimi naendesha, shemeji yangu ndiye fundi wangu, yuko chini kwenye njia ya kujazia. Nikimwita "Shem, naingia!" analidaka gari likiwa bado linanguruma, anafunua kifuniko, anabana chupa ya mafuta, anafunga, analiweka chini likielekea uwanjani. Siku tukiwa vizuri, yote hayo hayazidi sekunde tatu. Fainali ya ubingwa wa dunia ni dakika 60, kwa hiyo hesabu mwenyewe fundi anaitwa mara ngapi.

Kabla sijapanga magari kwa nafasi, nikuondolee wasiwasi wa jina la kampuni. Ubingwa wa dunia wa IFMAR, shirikisho la dunia la mbio za magari ya rimoti, wa bagi hizi, Cody King aliuchukua 2010 kule Pattaya akiwa na Kyosho. Robert Batlle akauchukua 2012 Buenos Aires na Mugen. Ty Tessmann 2014 Messina na David Ronnefalk 2016 Las Vegas, wote na HB. Davide Ongaro 2018 Perth na tena 2022 Redován, Hispania, na Team Associated. Kampuni nne katika miaka 12. Ukichukua lolote kati ya hayo, au XRAY, au Tekno, gari halitakuwa sababu ya wewe kushindwa. Sababu itakuwa mkono wa gurudumu, kile kipande kinacholishika gurudumu kwenye chasisi, uliopinda kwenye mzunguko wa pili, na kwenye uwanja ule hakuna hata mtu mmoja mwenye spea yake.

Ndiyo kanuni yangu ya kwanza: nenda uwanjani Jumapili moja bila kununua kitu. Hesabu magari mezani. Kama kumi ni Mugen na mawili ni XRAY, nunua Mugen, hata kama moyo wako uko kwa XRAY. Spea iliyo kwenye sanduku la jirani yako ina thamani kuliko spea iliyo kwenye ghala la nchi nyingine.

Nafasi ya kwanza: bagi ya mashindano iliyotumika, toleo la nyuma, na injini mpya

Hili ndilo ninalompa kila mgeni, na sijaona bado mtu aliyelijutia. Kila toleo jipya likitoka, madereva wa mbele wanauza la zamani, na tofauti ya matoleo mawili ni ndogo mno kwa mtu anayejifunza. Mugen MBX8, Kyosho MP10 ya mwanzo, Associated RC8B3.2, Tekno NB48 2.0: yote hayo unaweza kuyapata kwa nusu ya bei ya jipya au chini ya hapo, mara nyingi na mfuko wa spea juu yake.

Ila likague kama unavyokagua pikipiki ya mtumba. Lipindue kwanza. Chasisi ya alumini itakuwa imekwaruzwa, hiyo ni kawaida, lakini kama vichwa vya skrubu za chini vimesagika hadi bisibisi haishiki, jua kila matengenezo yatakuwa vita. Liweke juu ya kioo au meza iliyonyooka. Likiyumba kwa kona, chasisi imepinda. Shika tairi moja moja ulitikise: mchezo kidogo ni wa kawaida, mchezo unaosikika kwa sikio ni pini na bushi zilizokwisha. Toa shafti za katikati utazame vikombe vya difu zinapokaa. Pini ikishachimba kishimo ndani ya kikombe, hesabu gharama ya vikombe vyote. Mwisho tazama meno ya kengele ya klachi. Yakiwa yamechongoka kama meno ya papa, mwambie muuzaji apunguze bei, maana na gia kubwa inayokutana nayo imeshaharibika.

Injini iliyokuja na gari hilo ichukue kama zawadi. Usiilipie.

Injini ndiko mnunuzi anakodanganywa

Hizi injini hazina ringi za pistoni. Pistoni ni ya alumini, silinda ni ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu, na imetengenezwa nyembamba kidogo juu kuliko chini. Injini ikiwa baridi, pistoni inabanwa ikifika juu. Ikipata moto, silinda inatanuka na vyote viwili vinaenea sawasawa. Mbano ule ndio uhai wa injini, na ndio unaoisha.

Kwa hiyo kipimo chako ni hiki, na hakihitaji chombo chochote. Injini iwe baridi kabisa. Toa plagi. Zungusha gurudumu la klachi kwa kidole, polepole, hadi pistoni ifike juu. Injini nzima inakataa, unalazimika kusukuma kwa nguvu, wakati mwingine inatoa mlio mdogo ikipita. Injini iliyokwisha inateleza kama mlango uliopakwa grisi. Ile yangu ya galoni tatu iliteleza. Sikujua kwamba ni kasoro, nikaona ni ulaini. Halafu pistoni ikiwa juu, itikise gurudumu la klachi mbele na nyuma: ukisikia kugonga kidogo kabla pistoni haijasogea, fimbo ya pistoni imepanuka tundu na siku moja itakatika. Ukiona kutu kwenye beringi ya mbele, muuzaji hakuwahi kuiwekea mafuta ya kuhifadhia.

Kwa injini mpya, mpangilio wangu ni O.S. kwanza. Kampuni ile ya Osaka imekuwa ikitengeneza injini za modeli tangu 1936, na zaidi ya historia, injini zake zinasamehe: mgeni akikosea kidogo kurekebisha kabureta, bado inawaka. Plagi yake ya P3 iko kwenye sanduku la karibu kila mtu, na hilo si jambo dogo saa tatu asubuhi plagi yako ikiungua. Baada ya hapo REDS na Picco za Italia, zina nguvu tamu sana chini lakini zinataka mkono uliozoea. Usinunue ya juu kabisa. Ya kati ya kampuni nzuri, kwa dola 200 na kitu hadi 300 na kitu, itakufikisha mbali kuliko ya dola 500 uliyoiunguza kwa kukosa uzoefu.

Na mpya usiiwashe baridi. Mbano wa siku ya kwanza ni mkali kiasi kwamba kuilazimisha kunaweza kuumiza fimbo. Mimi naipasha kichwa kwa mashine ya kukaushia nywele hadi mkono haushiki, ndipo naiweka juu ya kisanduku cha kuwashia. Kisha matangi kadhaa ya mwendo wa taratibu, mafuta yakiwa mengi kidogo kuliko hewa, lakini injini isipoe. Watu wengi huijaza mafuta hadi inatapika wakidhani wanailinda. Injini baridi yenye mbano ndiyo inayosagika.

Nafasi ya pili: seti mpya ya kujiunganishia

Dola 600 hadi 800 kwa kukadiria, bila injini, bila servo (mota ndogo zinazogeuza usukani na kuvuta kabureta na breki), bila rimoti, bila tairi. Ni ghali, lakini kuna faida moja kubwa: ukishaunganisha gari kwa mikono yako, skrubu kwa skrubu, siku ya mbio unajua ni nini kimelegea kwa kusikia tu. Kama una pesa na una subira ya jioni nne au tano mezani, nunua. Kati ya hizo Tekno nampa mtu anayegonga sana, kwa kuwa limejengwa kwa unene. Mugen nampa anayependa kuunganisha, maana vipande vinaingiana bila kulazimisha.

Nafasi ya tatu: Kyosho Inferno Neo 3.0

Linakuja tayari, na injini yake, na rimoti, hata kamba ya kuvuta kuwashia. Umbo limetokana na bagi za zamani za mashindano za Kyosho, kwa hiyo si mdoli. Kwa kijana anayetaka kuonja mchezo linatosha, na mbio za klabu utamaliza. Ila servo zake na injini yake zitakufikisha mwisho wa uwezo ndani ya msimu mmoja, na ukianza kubadilisha kimoja kimoja utakuta umelipa bei ya gari la nafasi ya kwanza na bado huna.

Uliache dukani: malori makubwa ya naitro yenye matairi ya kuruka vilima. Yanafurahisha kiwanjani nyuma ya nyumba, na sina neno baya juu yake, lakini hakuna daraja la kuyakimbiza kwenye mbio za bagi.

Vinavyobaki

Rimoti: Sanwa, Futaba au KO Propo ukiweza, Flysky Noble NB4 kama mfuko hauruhusu. Chochote utakachochukua, weka kinga ya mawimbi kukatika ili gari lifunge breki lenyewe, na ongeza springi ya kurudisha kabureta. Kilo tatu na nusu zikija kwa kilomita 60 kwa saa bila mtu kuziongoza zinavunja mguu. Servo ya usukani iwe na nguvu ya kugeuza ya kilo 20 na kuendelea. Tairi uliza watu wa uwanja huohuo. Chujio la hewa la sponji nunua mengi, yapake mafuta yake, badilisha kila siku ya mbio; vumbi likiingia mara moja, mbano niliousema umekwenda. Ukishindania Ulaya, hakikisha eksozi ina namba ya EFRA, shirikisho la mbio hizi la Ulaya, iliyogongwa juu yake, la sivyo meza ya ukaguzi itakurudisha.

Mafuta, niliyosema ni ya kwanza

Ni methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainishia, mara nyingi yakiwa na nyonyo ndani yake. Ile harufu tamu inayobaki kwenye nguo baada ya mbio ni nyonyo iliyoungua. Umoja wa Ulaya tangu 2021 hauruhusu mtu wa kawaida kununua yenye nitromethani zaidi ya asilimia 16 bila leseni, na injini za leo zinakimbia vizuri kwa hiyo 16. Marekani wengi wanatumia 20 hadi 30.

Ndugu yangu uliye Dar, Mombasa au Kampala, hapa ndipo usimame kwanza kabla hujatuma hata senti. Mafuta haya ni bidhaa hatari. Ndege haiyachukui kwenye begi la abiria, na mzigo wa meli unataka karatasi zake. Ukipata mtu mwenye njia halali ya kuyaleta mara kwa mara, endelea. Usipompata, nunua bagi ya 1/8 ya umeme ya betri za seli nne. Tekno na wengine wanatengeneza magari mawili yanayoshirikiana vipande vingi sana, la naitro na la umeme, kwa hiyo ujuzi wako na spea zako hazitapotea siku mafuta yatakapopatikana.

Ukishakuwa nayo, funga kifuniko cha kopo kila ukimimina. Methanoli inanyonya unyevu wa hewa, na pwani unyevu ni mwingi; mafuta yaliyokaa wazi yanaifanya injini ikatae kutulia hata uigeuze kabureta mara mia. Ni sumu ikinywewa, na moto wake mchana wa jua hauonekani vizuri, kwa hiyo weka maji karibu na meza.

Siku ikiisha, usifunge sanduku na tangi likiwa na kitu. Liwashe gari limalize mafuta yote hadi lizime lenyewe, toa plagi, dondoshea matone machache ya mafuta ya kuhifadhia, zungusha gurudumu la klachi mara kadhaa, kisha ishushe pistoni hadi chini kabisa kwenye silinda. Ikilala juu, kwenye mbano, utaikuta Jumapili ijayo imeng'ang'ania.