Nati ya mfupa wa ng'ombe kwenye gitaa langu: kazi ya fundi vitanda wa Ng'ambo, Tabora

Naanza na bei ya kuchongewa nati, kile kipande cheupe mwisho wa shingo ya gitaa ambacho nyuzi zinapita juu yake kwenda kwenye funguo, maana najua ndiyo mnayotafuta: kazi shilingi 12,000, mfupa bure. Hiyo ni baada ya kupoteza 25,000 kwa kitu ambacho hakikuwa mfupa kabisa.

Gitaa langu ni galatoni (gitaa lisilotumia umeme) la kawaida la nyuzi za chuma, napigia kwaya, huu mwaka wa nne. Ugonjwa wake ni ule wa magitaa mengi ya bei ya chini: nyuzi zilikaa juu mno kule kichwani. Ukilityuni nyuzi zikiwa wazi linakubali vizuri. Ukishika kodi ya F kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) linapanda, kwa sababu uzi unasukumwa chini safari ndefu, unavutika, na uzi ukivutika sauti inapanda. Watu wa sauti ya tatu wakawa wananikodolea macho mimi badala ya mwalimu. Uzi wa tatu nao ulikuwa unanata. Unakaza ufunguo, kimya. Unakaza tena, kimya. Mara "tik!", umeshapitiliza.

Yote hayo chanzo chake ni nati. Ya kwangu ilikuwa ya plastiki, na nilipoing'oa nikakuta ina uwazi chini, kama kifuniko cha peni.

Kwanza niliagiza. Duka moja la Dar es Salaam, silitaji, wakanitumia kwa basi "mfupa halisi" uliokwisha kuchongwa mifereji ya kukalia nyuzi. Mweupe pee. Upana milimita 42, na shingo ya gitaa langu ni 43, nikajisemea hiyo moja nitaivumilia. Kisha nikapasha sindano kwenye jiko la mkaa nikaigusa ile nati kwa chini, pasipoonekana. Sindano ikazama kama kwenye mshumaa, harufu ya ndoo iliyoungua. Mfupa hauyeyuki hivyo. Unabaki na alama ya kahawia tu na kunuka nywele zilizoungua, kama kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa. Nilipowapigia, walipokea simu ya kwanza, ya pili hawakupokea.

Ndipo jirani akaniambia nijaribu kwa mzee mmoja wa Ng'ambo. Kazi yake hasa ni vitanda na makabati.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hilo gitaa limefanya nini?"

Nikamweleza. Akaligeuza, akasema gitaa hajawahi kulitengeneza lakini mfupa anaujua, kwa sababu vipini vya visu amechonga tangu ujana wake. Akavuta kopo la rangi chini ya benchi, limejaa vipande vya muundi wa ng'ombe kutoka bucha la jirani. Anavikata ncha zote mbili, anatoa uboho, anachemsha na sabuni ya unga kutoa mafuta, halafu anavianika juu ya bati wiki kadhaa. Hachemshi muda mrefu, anasema mfupa ukipikwa sana unakuwa kama chaki. Adui wake mkubwa ni mbwa wa mtaa wa pili.

Alikata kwa msumeno wa chuma, kipande kimekaa kwenye jiliwa. Akabandika msasa juu ya kioo cha dirisha, akasugua sehemu ya chini, akainua mbele ya mlango aone kama mwanga unapenya kati ya mfupa na rula. Ukapenya. Akasugua tena. Alirudia mara nyingi mpaka nikaona aibu kumharakisha, na hapo ndipo nilipomwamini: nati isiyokaa bapa kwenye nafasi yake shingoni haina maana hata ikiwa ya nini. Yeye alijifunga kitambaa puani. Mimi nilijifanya shujaa, nikakohoa mpaka usiku. Vumbi la mfupa si la kuvuta, jamani.

Mifereji ndiyo tuliyobishana. Mzee alitaka kugawa nafasi kwa rula, alama kwa alama zilingane. Nikamwomba tulinganishe uwazi kati ya uzi na uzi badala yake, kwa sababu uzi wa sita una unene wa zaidi ya mara nne ya uzi wa kwanza. Ukigawa katikati kwa katikati, nyuzi nene zinabanana na vidole vinakosa pa kukaa. Akakubali shingo upande. Tupa za kazi hii hapa hazipo, kwa hiyo alitumia vile vijiti vya kusafishia nozeli ya gesi ya kuchomelea, na kwa nyuzi nene akaviringisha msasa kwenye uzi wa zamani. Kila mfereji aliulaza kidogo kuelekea kwenye funguo, ili uzi uondokee kwenye ukingo ule wa upande wa freti. Usipofanya hivyo uzi unalia kama nzi ndani ya kopo.

Kipimo nilichokwenda nacho: bana uzi freti ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza. Pabaki nafasi ya kupitisha karatasi ya fotokopi, upande wa besi zaidi kidogo. Nyuzi tano zilikaa sawa. Ule wa tatu, jua limeshapiga bati na jasho linamtoka, alivuta mara mbili za ziada, ukazama, ukawa unakwaruza ukipigwa wazi. Hakukataa kosa. Alijaza vumbi la mfupa kwenye mfereji, akadondoshea supagluu, ikakauka, akachonga upya, na akanirudishia 2,000 bila kuombwa. Wiki ya sita sasa na bado umeshika.

Matokeo? F imetulia na ule "tik" umekwisha. Nyuzi zikiwa wazi zinalia safi zaidi. Lakini wanaosema mfupa unabadilisha gitaa zima wanatia chumvi: ukibana freti ya tano, uzi unaanzia kwenye freti, nati haina kazi tena. Kilichoponya F yangu ni kimo, hata plastiki ngumu iliyochongwa hivi ingefanya. Mfupa nimeupendea ugumu wake, mifereji haitalika upesi.

Nampa nyota nne. Ukienda, nenda asubuhi bati likiwa bado baridi, na ubebe fila geji yako, vile vibati vyembamba vya kupimia tapeti za injini, kwa ajili ya uzi wa kwanza, maana vijiti vya mzee vyote ni vinene kuliko uzi huo. Gundi ya kubandikia nati mwambie tone moja tu. Ya kwangu aliimwagia kama anaunga mguu wa kabati, na siku ya kuitoa sijui nitaanzia wapi.