Mkanda wa mpira wa kuogelea papo hapo: nunua mrefu, na usifunge kwenye kila chuma unachokiona

Hoteli nyingi zina bwawa, lakini limechimbwa ili wageni wapoe joto, si ili waogelee. Urefu wake ni mita 8, 10, ukibahatika 15. Mara nyingi limepindwa mfano wa figo, na chini hakuna mstari hata mmoja wa kukuongoza. Aliyezoea mita 25 anapiga mikono minne, mitano, kashafika ukutani. Akijilazimisha kuzunguka humo nusu saa, sehemu kubwa ya kazi yake inakuwa kugeuka na kusukuma ukuta, na ule mshiko wa maji kiganjani, ambao hupotea upesi kuliko pumzi, haupati mazoezi yoyote.

Mkanda wa mpira unatibu hilo moja kwa moja. Unajifunga kiunoni, ncha ya pili unaifunga kwenye kitu kisichong'oka, unaogelea bila kwenda popote. Ukiukunja unaingia ndani ya kiatu. Kwa safari ya siku tatu hadi wiki mbili, sioni kifaa kingine cha kuogelea kinachostahili nafasi kwenye begi kuliko huu. Ila sokoni iko ya aina tatu, na mbili kati ya hizo nisingemshauri mtu azinunue.

Ya kwanza ni ile yenye mpira mfupi, karibu mita 1.2. Inauzwa sana kwa kuwa ni rahisi na inaonekana kufaa mabwawa madogo. Tatizo ni kwamba mwogeleaji haendi mbele kwa kasi moja. Kila mkono ukivuta anasogea kidogo, kisha anarudi. Tuseme anasogea sentimita 20. Kwenye mpira wa mita 1.2 hiyo ni moja ya sita ya urefu wote. Kwenye mpira wa mita 2 ni moja ya kumi. Mfupi kwa hiyo unakushtua kiunoni kila mkono, na baada ya dakika kumi mgongo wa chini unaanza kulalamika. Isitoshe, miguu inabaki karibu na ukuta, maji inayoyarusha yanagonga ukuta na kukurudia, nawe unaogelea ndani ya fujo lako mwenyewe.

Ya pili ni vikuku vya kufunga vifundoni. Hivi vinakuzuia kupiga miguu, basi mazoezi yote yanakuwa ya mikono. Lakini kibaya zaidi ni usalama: ukipaliwa na maji au ukakamatwa na mkakamao wa misuli, huwezi kuweka miguu chini mara moja, kwa sababu mpira unaivuta nyuma. Mtu anayeogelea peke yake saa 12 asubuhi hotelini, mwokoaji bado hajafika, asijifunge miguu. Hapa sina mjadala.

Inayobaki ni mkanda wa kiunoni wenye mpira wa mita 2 hivi. Huu ndio wa kununua. Ukivutika mara mbili unafika mita 4, na kutoka kiunoni hadi ncha za vidole ukinyoosha mkono ni kama mita 1.3 zaidi, basi bwawa la mita 6.5 linakutosha na nafasi ikabaki. Kina kiwe angalau mita 1.1. Chini ya sentimita 90 kiganja kinakwaruza sakafu, na utaanza kuvuta maji kwa kiwiko kilicholala bila kujua. Tabia hiyo utarudi nayo nyumbani.

Kabla ya kulipa, kagua mkanda wenyewe. Utepe uwe mpana, sentimita 5 si nyingi, maana mwembamba unapanda mbavuni na kukata ngozi. Bizimu ifunguke kwa mkono mmoja hata ikiwa imelowa. Pete ya nyuma iweze kuteleza kidogo kushoto na kulia, kwa sababu kiuno cha mtu wa mtindo huru (ule wa kifudifudi, kuvuta mkono mmoja baada ya mwingine) kinajizungusha kila mkono. Pete iliyoshonwa mahali pamoja inausokota mpira, na mpira unaosokotwa hukatika pale unapoungana na chuma. Kuna mipira iliyovikwa ala ya kitambaa cha nailoni. Ala inazuia mpira kukupiga ukikatika, hiyo ni faida kubwa, ila pia inaficha nyufa.

Usinunue kwa rangi. Mpira wa kijani wa mtengenezaji mmoja ni mgumu, wa kijani wa mwingine ni laini. Tumia mizani ile ndogo ya kuning'iniza ambayo wasafiri hupimia mabegi: funga ncha moja ya mpira kwenye nguzo, tia ndoano ya mizani kwenye pete ya mkanda, rudi nyuma hadi mpira ufike mara mbili ya urefu wake, soma. Mtu mzima anayeogelea mita 100 kwa dakika mbili anahitaji kilo 3 hadi 5 hivi. Mwenye nguvu zaidi, kilo 6 hadi 8. Ikizidi hapo kwa mwogeleaji wa kawaida, anachofanya si kuogelea tena, anang'ang'ana: mkono unaingia mbele ya pua, kiwiko kinashuka, na bega linaanza kuuma kwa mbele. Wala usiuvute mpira kupita mara mbili na nusu ya urefu wake. Unachoka haraka, na siku ya kukatika haikutangazii.

Sasa pa kufungia, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ngazi ya chuma ya bwawa inafaa kama haitikisiki. Ishike kwa mikono miwili, iegemee kwa uzito wako wote, sikiliza kama kuna mlio kwenye tundu za sakafuni. Ngazi zilizolegea zinachomoka taratibu, kisha zote mara moja. Nguzo ya zege ya banda ni bora zaidi ikiwa iko karibu na ukingo: zungusha utepe wa kufungia mara mbili ndipo uutie karabina, ile pete ya chuma yenye kilango cha kubana. Usifunge kwenye mguu wa mwavuli, kiti cha kulalia, bomba la maji, wala mpini wa mlango wa kioo. Ncha iwe nusu mita hadi mita moja juu ya maji. Ikiwa chini, mpira unalala juu ya miguu na kila teke linaupiga. Ikiwa juu mno, unakunyanyua makalio na unahisi unaelea vizuri kumbe si wewe.

Mweleze mhudumu wa bwawa kabla hujafunga chochote. Si adabu tu. Mpira uliokatiza majini hauonekani na mtoto anayerukia, na ukiuacha unaning'inia wakati umetoka kunywa maji, mtoto ataushika. Ukitoka, fungua ncha zote mbili.

Ukianza kuogelea, utakutana na jambo linalowakatisha tamaa wageni wa kifaa hiki: maji yanaingia mdomoni kila ukigeuza kichwa kupumua. Kasoro si yako. Anayekwenda mbele hutengeneza wimbi dogo kwa kichwa chake, na kando ya shavu pakabaki bonde, humo ndimo anamovutia hewa bila kuinua kichwa. Ukiwa umesimama mahali pamoja, wimbi hilo halipo na bonde halipo. Watu wanainua kichwa, miguu inazama, mpira unawarudisha nyuma, wanasema mkanda haufai. Dawa ni bomba la kupumulia, lile la kupita katikati ya paji la uso, si la pembeni la kuangalizia samaki. Mkanda bila bomba nauhesabu nusu kifaa. Asiyekuwa nalo azungushe kichwa kidogo zaidi kuelekea dari, na asiogelee mfululizo zaidi ya dakika moja moja.

Jambo la pili: huna mita za kuhesabu, basi unajuaje kama unafanya kazi? Dondosha sarafu sakafuni, chini kabisa ya pua yako, mpira ukiwa umevutika kwa bidii ya kawaida. Sarafu ndiyo saa yako. Ikianza kuelekea mbele ya macho, umelegea. Ikipita kifuani, umeongeza. Angalia hasa pale mkono wa kulia unapoingia majini: kama sarafu inaruka mbele kila upande huo, mkono wa kulia unateleza bila kushika maji. Kwenye bwawa la kawaida kosa hilo linafichwa na mwendo. Hapa linaonekana kila sekunde, na kwangu hii ndiyo thamani kubwa ya mkanda, kuliko hata nguvu ya misuli.

Umbali ugeuze kuwa muda. Kwa yule wa mita 100 kwa dakika mbili, kipindi cha dakika 45 kinaweza kwenda hivi: dakika 5 polepole na bomba. Kisha miguu peke yake, mikono imenyooshwa mbele, sekunde 30 mara sita, ukipumzika sekunde 15. Kisha kazi yenyewe, dakika 2 mara nane, mapumziko sekunde 30. Zile za shufwa, nusu dakika ya mwisho isogeze sarafu hadi kitovuni. Halafu sekunde 15 za nguvu zote mara kumi, ukipumzika sekunde 45. Dakika 5 za mwisho vua mkanda ufanye kugeuka tu, kwa sababu kugeuka hakufundishwi na mpira. Mara ya kwanza kabisa fanya dakika 20 uache. Mabega hayajui kama uko safarini, yanajua mzigo umeongezeka, kwa hiyo siku mbili za mkanda zifuatwe na moja ya kupumzika.

Mtindo huru ndio unaokubaliana na mkanda. Chali inawezekana ukiuzungusha ili pete ije tumboni na ncha ikafungwa juu zaidi. Chura na kipepeo achana nazo: mwendo wake ni wa kuruka na kusita, mshtuko unakuwa mara mbili, na miguu ya chura inaunasa mpira.

Joto nalo lisisahaulike. Bwawa la mashindano huwekwa nyuzi 25 hadi 28, ilhali bwawa la hoteli ya pwani mchana linaweza kupita hapo, na wewe husogei kufuata maji yaliyo baridi. Weka chupa ya maji ukingoni, unywe kila mapumziko marefu, na uchague alfajiri.

Mpira wa asili una maadui wanne: klorini, jua, ozoni na mafuta. Mafuta ya nazi na krimu ya jua ndiyo mabaya kuliko yote, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kuushika. Ukimaliza uoshe kwa maji ya bomba, uanike kivulini, ukikauka upake poda kidogo ndipo uukunje. Kila wiki uvute kipande kwa kipande kati ya vidole gumba na uangalie kwenye mwanga, hasa sentimita 10 za kila ncha. Ukiona vimistari kama vya ngozi kavu, utupe. Usiufunge fundo palipokatika.

Asiyepata wa dukani anaweza kutengeneza. Tyubu mbili za baiskeli zilizokatwa na kuunganishwa, utepe wa begi la zamani, pete mbili za chuma, na fundi viatu wa kushona kwa uzi wa nailoni. Tyubu nyingi ni za butili, mpira unaorudi polepole kuliko wa asili, kwa hiyo mshtuko wake ni mdogo na jua haliuli upesi. Lakini ni mgumu zaidi na hauvutiki mbali. Upime kwa mizani kwanza, na uufanye mrefu, mita 2.5, ili kupunguza ugumu huo.

Usifikirie kuutumia baharini. Mawimbi yatakuvuta na kukuachia hovyo. Aliyefikia Unguja ana bahari yenyewe, ila asome kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4, na Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, maji yanakimbia mbali hadi unabaki na mchanga, mwani na vigingi vya mashamba yake. Maji yakijaa saa 12 asubuhi leo, kesho yatajaa karibu saa 12 na dakika 50. Panga kuogelea saa moja kabla ya kilele, sambamba na ufuo. Nungwi, kaskazini, unaweza kuogelea hata maji yakipwa.

Siku ya kurudi bwawa lako la mita 25, usikimbilie kupima muda. Piga mita 25 mara nane ukianzia katikati ya bwawa, ili kila moja iwe na kugeuka ndani yake. Wiki nzima ya mkanda inakuacha na mkono imara na jicho lililosahau ukuta uko umbali gani.