Programu ya kusomea Biblia: ipi ya simu, ipi ya laptopu, na ipi ndo inastahili hela yako

Wapendwa, kwenye fellowship yetu haipiti wiki mbili mtu hajaniuliza "hivi wewe unatumia apu gani ya Biblia", na nikimjibu kwa neno moja naona nimempunja, maana mama anayetaka kusikiliza Zaburi huku anapika na kijana anayejiandaa kufundisha Warumi Jumapili hawatafuti kitu kimoja. Kwa hiyo nimeona niandike yote sehemu moja, nizipange kuanzia ninayoipenda zaidi, na niseme kwa nini.

Kwanza ninavyozipima, kwa sababu mpangilio wote unatoka hapo. Kabla sijaisifia apu yoyote nazima data kabisa, halafu naifungua. Inafunguka? Inanitafutia neno? Inanionyesha Biblia mbili kwa pamoja? Kama inazungukazunguka tu ikisubiri mtandao, basi hiyo si ya kusomea, hiyo ni ya kuangalia mistari ukiwa na bando. Kanisa letu lina bati juu na lipo bondeni, mtandao unakuja na kuondoka, na mwalimu hawezi kusimama mbele ya watu anasubiri Isaya ifunguke.

La pili ni Kiswahili chenyewe. Tunasema "Biblia ya Kiswahili" kama vile ni moja, kumbe kuna Union Version ya 1952 ambayo wengi wetu ndo tumekulia na ndo mistari tuliyokariri, kuna Habari Njema iliyokuja miaka ya 90 kwa Kiswahili chepesi, na kuna Neno ya Biblica, shirika linalotafsiri Biblia. Union ina hakimiliki, iko mikononi mwa Vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya, ndiyo maana unaikuta kwenye apu zilizopewa kibali na unaweza usiikute kwenye programu za bure zinazotengenezwa na watu wa kujitolea. Wengi wanadhani programu ni mbovu kwa sababu haina Union, wakati tatizo ni kibali. Na kama wewe ni Mkatoliki angalia mapema kama Tobiti, Yudithi na Wamakabayo wamo, kwa sababu Biblia nyingi za kwenye apu zina vitabu 66 tu. Habari Njema ipo pia katika toleo lenye vitabu hivyo, vinavyoitwa Deuterokanoni, tafuta hilo.

La tatu, na hili limeniuma mwenyewe. Niliibiwa simu kwenye daladala na ndani yake kulikuwa na maelezo yangu ya kitabu cha Waebrania niliyoandika karibu miaka miwili, mstari kwa mstari, maswali ya watu, maombi, vyote. Simu nilipata nyingine. Yale maelezo sikuyapata tena mpaka leo na kuna mambo nilikuwa nimeyaona mle ambayo nikisoma tena siyaoni. Sasa swali la kwanza kabla sijaandika hata neno moja kwenye apu ni hili: maelezo yangu yanakaa wapi, na nikinunua simu mpya kesho nayarudishaje?

Haya, upande wa simu za Android.

Namba moja kwangu ni AndBible. Ni ya bure, haina matangazo hata moja, imetengenezwa na watu wa kujitolea na inafanya kazi bila mtandao ukishashusha Biblia zako. Unagawa kioo mara mbili, juu Kiswahili chini KJV (Biblia ya Kiingereza ya King James) yenye namba za Strong, ukisogeza moja na nyingine inafuata. Kwenye orodha yake ya kushusha utakuta pia maktaba ya eBible, na humo ndo kuna toleo huria la Neno kwa Kiswahili, kihalali kabisa bila kumwibia mtu. Biblia ya maandishi peke yake ni nyepesi, mara nyingi ni MB chache tu, kwa hiyo hata simu yenye nafasi ndogo inabeba matoleo matano bila shida. Na ina sehemu ya kutengeneza bekapu, unalihifadhi faili kwenye kompyuta au unajitumia kwa imeili, mimi nafanya kila Jumamosi usiku nikimaliza maandalizi. Udhaifu wake ni kwamba mwanzoni inachanganya, menyu nyingi, mzee wa miaka sabini ukimpa hivi hivi atairudisha. Kaa naye nusu saa, mpangilie Biblia zake, ukubwa wa herufi, halafu muache.

Hapa nisimame kidogo kwenye hizo namba za Strong maana wengi wanazisikia hawajui zinafanya nini. James Strong alitoa itifaki yake, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yalipo, mwaka 1890, akaliwekea kila neno la asili la Kiebrania na Kigiriki namba, kwa hiyo hata kama hujui alfa wala beta unaweza kufuata neno moja Biblia nzima. Chukua Yohana 21 pale Yesu anamuuliza Petro mara tatu. Kiswahili chetu cha Union kinasema "wanipenda" mara zote tatu. Ukigusa kwenye KJV yenye namba unakuta maswali mawili ya kwanza ya Yesu yana neno la Kigiriki agapao, namba G25, la tatu lina phileo, namba G5368, na Petro yeye anajibu phileo mara zote. Hilo huwezi kuliona kwenye Kiswahili wala kwenye Kiingereza cha kawaida. Lakini tafadhali usikimbilie madhabahuni na hilo. Bonyeza namba ile ile uone Yohana anavyoyatumia hayo maneno mawili sehemu nyingine, utakuta anasema Baba anampenda Mwana kwa agapao kwenye 3:35 na kwa phileo kwenye 5:20, na ndiyo sababu wasomi wengi wanasema hapo anabadilisha neno tu wala hajengi fundisho la aina mbili za upendo. Programu nzuri ni ile inayokuonyesha vyote viwili, tofauti na matumizi, ili usihubiri kitu ambacho maandiko hayajasema. Ile kamusi fupi ya Strong peke yake haitoshi.

Namba mbili ni YouVersion, hii ambayo wengi mnaiita tu "apu ya Biblia". Kanisa la Life.Church kule Marekani liliitoa mwaka 2008, ni ya bure, haina matangazo, na kwa Kiswahili ndo yenye uchaguzi mzuri kuliko zote, Union ipo, Habari Njema ipo, Neno ipo. Maelezo na rangi unazopaka vinakaa kwenye akaunti yako, ukipoteza simu unaingia tu kwenye nyingine na kila kitu kipo. Kwa kusoma kila siku, mipango ya kusoma, kumtumia mtu mstari, hii ndo ya kwanza na nisingempa mama yangu nyingine. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu, kuchimba neno haiwezi, hugusi neno ukapata Kigiriki chake wala hakuna vitabu vya ufafanuzi vya maana. Na kumbuka kuna matoleo yanayoruhusiwa kupakuliwa na mengine hayaruhusiwi, kwa hiyo pakua lako mapema ukiwa na bando, halafu zima data ujaribu. Mimi ninazo zote mbili kwenye simu moja na hazigombani.

MySword ya Android naiweka tatu. Ina nguvu kweli, ufafanuzi mwingi wa zamani wa bure, kamusi, namba za Strong, kuna vipengele vya ziada ukichangia hela. Waliozoea e-Sword kwenye kompyuta wataipenda maana inafanana nayo. Kuonekana kwake ni kwa kizamani kidogo na maelezo yanakaa kwenye simu, kwa hiyo bekapu ni jukumu lako wewe.

Kwa wasioona vizuri au wasiopenda kusoma, Bible.is ya Faith Comes By Hearing ni ya kusikiliza, na lugha ni nyingi mno, hata lugha za makabila yetu kadhaa zimo. Angalia bando tu, sauti inakula data kuliko maandishi mara nyingi sana, shusha ukiwa kwenye waifai.

Apu zingine zile zinazojiita "Biblia Takatifu" ambazo zimejaa kwenye stoo, nawaomba muwe makini. Nilishawahi kusoma kwa sauti mbele ya wazee wa kanisa, nikageuza ukurasa, likatokea tangazo la kubeti limejaa kioo kizima na muziki wake. Niliifuta hapo hapo. Na apu ya Biblia ikikuomba ruhusa ya kuona namba za watu kwenye simu yako, jiulize Mathayo inahitaji namba za watu za nini. Kitu kingine, e-Sword haina toleo la Android, ukiona inayojiita hivyo kwenye Android iache.

Tuje kwenye laptopu. Hapa kama ina Windows na ni ya zamani, chukua theWord. Ya bure, nyepesi, na kitu kinachonifanya niiweke ya kwanza ni kwamba unaweza kuiweka kwenye flashi na kutembea nayo, unachomeka kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, unafanya kazi yako, unachomoa, maelezo yako unaondoka nayo mfukoni. Wachungaji wetu wengi hawana laptopu yao wenyewe, kwa hiyo hili si jambo dogo. e-Sword inaifuata kwa karibu sana, Rick Meyers ameitoa bure tangu mwaka 2000, ina vitabu vya ufafanuzi wa Biblia vya Matthew Henry na Adam Clarke, na ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Ya Windows ni bure ila za Mac, iPhone na iPad zinalipiwa. Zote mbili, kabla hujazizoea, fungua orodha ya Biblia za kushusha uone Kiswahili gani kipo, ukikosa unachotaka fungua YouVersion kwenye tovuti yake pembeni usome Kiswahili huko.

Kama laptopu ina mtandao mzuri kuna STEP Bible iliyoanzia Tyndale House, kituo cha utafiti wa Biblia kule Cambridge, Uingereza, bure, unagusa neno unapata Kigiriki au Kiebrania chake papo hapo. Naitumia sana kazini wakati wa mapumziko.

Sasa ya kulipia: Logos. Ipo tangu 1992, ni maktaba kubwa kuliko programu, vitabu vinaunganishwa, ukifungua mstari inakukusanyia kila kitabu ulichonacho kinachouzungumzia. Tangu 2024 wanauza kwa malipo ya mwezi, kuanzia kama dola 10, ambayo kwa mwaka ni dola 120, na kwa mwinjilisti wa kijijini hiyo ni hela ya kusomesha mtoto. Wana toleo la bure, anza nalo, vitabu ukivinunua vinabaki vyako. Inataka kompyuta yenye nguvu, inapopanga vitabu vyake mara ya kwanza laptopu dhaifu inapata moto kabisa, na malipo yanakatwa yenyewe kwa kadi, kwa hiyo ukilipia kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa weka kumbukumbu ya tarehe.

Nani ailipie? Mwanafunzi wa chuo cha Biblia anayeandika utafiti, au mchungaji ambaye kanisa linamlipia, na hapo ningeshauri wazee wa kanisa waiweke kwenye bajeti kabisa kama wanavyoweka maiki. Kijana mmoja wa chuo aliniuliza mwezi uliopita akiwa tayari kukopa ili ajiunge, nikamwambia asikope, afungue theWord na AndBible kwanza, afanye somo moja la Wagalatia mwanzo mpaka mwisho, na aandike pembeni kila mara atakapokwama kwa kukosa kitabu fulani. Ameniletea orodha juzi. Ina vitabu viwili, na kimoja kipo maktaba ya chuo chao.