Niliambiwa nitafute injinia: uzoefu wangu na programu ya wavu wa matabaka

"Madam, si utafute injinia akuangalilie hiyo faili?"

Hivyo ndivyo alivyoniambia kijana wa huduma kwa wateja, siku ya tatu ya kumpigia simu. Injinia ni mimi. Leseni nimeilipia kwa pesa zangu, jina langu limeandikwa pale na cheo kando yake. Hakusoma.

Niko Kisumu. Nachora pampu ndogo za wakulima wa mpunga upande wa Ahero, na fundi wangu wa Kibuye huzimimina kwa alumini. Ganda la pampu hizi limejikunja kama konokono. Kabla fundi hajawasha moto, mimi huyapitisha maji kwenye kompyuta kwanza. Nafasi yote ya maji hukatwa kuwa wavu wa seli, na karibu na ukuta seli hizo lazima ziwe nyembamba, zilale tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye sahani. Maji yanayogusa ukuta hayasogei kabisa, na milimita chache kutoka hapo yanakimbia mita 6 kwa sekunde. Seli kubwa haiwezi kuona badiliko hilo. Italiruka tu, na jibu utakalopata ni la uongo.

Niliomba matabaka 8: la kwanza milimita 0.4, kila linalofuata liwe nene mara 1.2 ya lililotangulia. Ukijumlisha unapata kama milimita 6.6. Programu ikafanya kazi dakika chache, ikaleta alama ya kijani kwamba imekamilika. Nikaendesha hesabu usiku kucha, asubuhi maji yalikuwa yanapita laini kila mahali. Nikampa fundi mchoro, akamimina.

Pampu ilipofika mferejini haikuinua maji hadi pale nilipomwahidi mwenye shamba. Mzee yule hakusema neno. Alitazama bomba, akanitazama mimi, akarudi kwenye majaruba yake. Bora angenigombeza.

Nilirudi nyumbani nikaukata ule wavu kipande kwa kipande. Chini ya ulimi wa konokono, ile ncha ya ndani ya ganda karibu na mdomo wa kutolea maji, pale ukuta wa pembeni unapokutana na wa nje, kuna kona ya ndani niliyoizungusha kwa nusu kipenyo cha milimita 3. Matabaka yaliyokuwapo pale: sifuri. Hata moja. Seli nene zimegusa ukuta moja kwa moja, mahali penyewe ambapo maji husumbuka zaidi.

Sababu si fumbo. Matabaka hukua kwa mistari inayochomoza wima kutoka ukutani. Kwenye mgongo uliobinuka mistari hiyo hutawanyika, hakuna shida. Kwenye kona iliyobonyea huelekeana, na kama nusu kipenyo ni milimita 3, yote hugongana umbali wa milimita 3. Unene wa 6.6 haungeingia pale hata kwa maombi. Kwa hiyo nilichoomba kilikuwa kigumu, hilo nalikubali kabisa. Ningeelewa programu ikipunguza unene polepole kadiri inavyokaribia kona. Ningeelewa hata ikikataa. Lakini kufuta matabaka yote kimyakimya kisha kuniwashia taa ya kijani?

Nami nisidhulumu. Kwenye mgongo wa konokono matabaka yale yalilala vizuri kuliko yote niliyowahi kuona, yamefuata mpindo bila hata seli moja kupinda, na yalitoka kwa dakika chache kazi ambayo zamani ilinila siku mbili. Nilipoanza kuandika haya nilikuwa na nyota mbili mkononi. Nikikumbuka mgongo ule natamani kutoa tatu.

Ila kisha nakumbuka simu. Nilimweleza kijana yule habari ya kona na nusu kipenyo, akaniambia mchoro wangu ni mchafu. Nikamwambia nimeukagua, hauna tundu wala ukingo uliopishana. Ndipo akaniambia nitafute injinia. Sikusikia kelele ya gari wala mtandao kukatika, nilimsikia vizuri sana. Nyota moja.

Baadaye rafiki yangu alinisukuma nijaribu snappyHexMesh, programu ya kukata wavu inayokuja na OpenFOAM, ile programu huria ya kuhesabu mtiririko wa maji. Haina hata shilingi ya leseni. Ni ngumu, unaandika mipangilio kwa mkono kwenye faili, na kwenye kona ileile nayo ilishindwa kujaza matabaka yote. Tofauti ni kwamba ikimaliza inakuandikia jedwali: ukuta huu una nyuso kadhaa, umepata wastani wa matabaka kadhaa, unene umefika asilimia fulani ya ulioomba. Nilipoitenga kona kama ukuta wake, upungufu ulijitokeza palepale, kabla ya hesabu na kabla ya alumini. Nikapunguza unene wa matabaka kwenye kona peke yake, yakaingia.

Ganda la kwanza limeyeyushwa, fundi hakunidai kazi yake. Leseni ina miezi kadhaa iliyobaki na sitailipia tena. Labda waongeze jedwali kama lile, na kijana yule anipigie mwenyewe aniombe radhi. Hapo nitarudi, kwa ajili ya mgongo ule wa konokono.