Kadi za boksi au picha za kitambaa katika tiba ya muziki ya watoto
Anayeendesha vipindi vya tiba ya muziki kwa watoto mjini Bagamoyo, ambako unyevu wa bahari hulainisha karatasi, hana budi kupima vyema kati ya kadi za boksi na picha zilizoshonwa kwenye kitambaa.

Kadi hutengenezwa upesi: karatasi ya A4 hukatwa vipande vinne, kila kimoja kikachorwa ngoma, kayamba, filimbi au marimba, kisha kikagundishwa kwenye boksi tupu la dukani na kufunikwa kwa selotepu pana hadi ukingoni, kwa kuwa maji huanza kupenya pembeni. Mchoro huonekana wazi, jambo lenye uzito kwa mtoto asiyezungumza, ambaye huchagua wimbo kwa kunyooshea picha kidole. Hata hivyo, selotepu hung'aa. Kadi ikielekea dirishani, mtoto huona mwanga badala ya ngoma, na wapo wanaofurahia kuibandua kuliko kuimba.

Kitambaa huchukua jioni nzima kushonwa, lakini hufuliwa, hakichubui midomo ya wanaotafuna kila kitu, na kikianguka hakivurugi wimbo. Kanga kuukuu, ijapokuwa zimejaa majumbani, hazifai sana, maana maua yake humeza umbo lililoshonewa juu. Afadhali kipande cha kaniki chenye ngoma nyeupe.

Kwa picha za nyimbo, ambazo hubadilika kila mara, ningechagua boksi. Alama za kuanza na kunyamaza, ambazo hushikwa kila kipindi, ningezishona.