Coaster yangu ya kulala, springi mpya, na yule bosi wa gereji

Nianze na sifa, maana nikianza na bosi sitafika kwenye springi.

Coaster yetu, lile basi dogo la Toyota, tuling'oa viti, tukaweka kitanda, jiko, kabati, na tangi la maji la lita 200 mkiani kabisa. Tangi likijaa, hizo ni kilo 200 zinazoning'inia nyuma ya ekseli, bado kitanda na vyombo. Gari ikawa inakalia mkia. Kona za mlima Kitonga inalala mpaka sufuria zinafungua mlango wa kabati zenyewe, na ukipishana na semi inasukumwa kwanza, kisha inavutwa. Hapo ndipo tukaipeleka gereji moja hapa Dar, siitaji jina, ina geti zuri na mashine ya alaimenti, ya kupima na kupanga mwelekeo wa matairi, inayong'aa.

Waliongeza pleti kwenye springi za nyuma, wakafunga shokapu mpya pande zote na stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, nene zaidi yenye bushi mpya. Kazi ya mikono ilikuwa safi, sitaki kuwasingizia. Gari ilinyanyuka, kona ikawa inakata imesimama, na sufuria zikatulia. Siku ile wangeniuliza ningewapa nyota zote walizonazo.

Halafu tukaingia barabara ya Morogoro.

Baada ya Mlandizi barabara inanyooka, unatarajia upumzike. Usukani ukawa mwepesi wa ajabu, gari inatangatanga, mara kushoto mara kulia, na nikishakata kona usukani haurudi wenyewe. Zamani gari hii ilikuwa inayumba, lakini njia yake ilikuwa inaijua! Nilikuwa natembea 80 tu, nao mabasi wananipita kama nimeegesha. Kufika Chalinze mabega yanawaka. Nikageuza, safari ya Iringa ikafia hapo.

Tuliporudi gereji, bosi hakuisogelea hata gari. Alikwenda upande wa kushoto alikokaa mume wangu.

"Bosi, gari kubwa ndivyo zilivyo. Mwambie shemeji azoee."

"Mimi sina leseni," mume wangu akamjibu. "Ongea na mwenye gari."

Akacheka, ndiyo akanigeukia. "Dada, hii siyo IST. Inataka mkono wa kiume."

Jamani. Mimi nimepeleka Coaster za abiria Mbagala, asubuhi, zimejaa mpaka mlangoni, kabla sijamjua huyo mume anayemwita bosi. Nilinyamaza tu kwa sababu funguo alikuwa nazo huyo wa gereji.

Kuendesha hakuendesha. Akaniuzia dampa ya stelingi. Ikafungwa, ikalipiwa, na gari ikaendelea kutangatanga vilevile, ila sasa kwa upole. Dampa kazi yake ni kumeza mitikisiko, ukipita mashimo usukani usikurukie mkononi. Tairi lililopoteza mwelekeo hailirudishii mwelekeo. Mwenye gereji kama ile hajui hilo? Anajua.

Aliyeniponya ni fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani, chini ya turubai, hana geti wala tisheti zenye nembo. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu," na kabla hajagusa mbele akauliza nyuma palifanywa nini. Nikamwambia pameongezwa pleti. Akatikisa kichwa.

Alivyonieleza ni hivi: ukinyanyua mkia, pua inainama. Ule mhimili ambao tairi la mbele linageukia umetengenezwa ulale kidogo kuelekea nyuma, wenyewe wanaita keista, na mlalo huo ndio unaourudisha usukani katikati. Pua ikiinama, mhimili unasimama wima, na gari inaanza kutafuta njia. Wale wa mwanzo walipima tuo peke yake, yaani matairi yanatazamana vipi kwa mbele, wakaandika kwenye risiti "alaimenti". Mzee akapanga upya shimu za mbele, vile vipande vyembamba vya chuma vya kurekebishia mlalo huo, kisha akanipeleka kwa jirani yake mwenye mashine tuo ipimwe upya, maana ukigusa keista na tuo inahama. Nikatoka na karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Akaniambia pia tangi nilisogeze mbele ya ekseli ya nyuma, kwa sababu uzito wa mkiani unazipunguzia tairi za mbele mzigo, nazo ndizo zinazoongoza. Tumelisogeza. Chalinze sasa nafika mkono mmoja uko kwenye korosho.

Karatasi kama hiyo nilimwomba bosi kwa simu. "Ya nini dada, gari si inatembea?"

Hata hivyo nilikuwa nimeshaandika hapa nyota tatu, na ushauri kwamba springi na stabilaiza mkafunge kwao, alaimenti mkatafute pengine. Kazi ni kazi, nikasema, mdomo wa mtu ni mambo yake. Kabla sijatuma, mume wangu kapigiwa simu. Bosi anataka kujua kama shemeji ameshaizoea gari.

Nyota moja. Na hiyo moja achukue yule kijana aliyefunga bushi, aliyenisalimia.