Kutambua wanyama kwa kolajeni ya mifupa: tathmini ya huduma, kutoka Nakuru

Vipande vya mifupa vinavyotoka katika machimbo ya akiolojia ya Nakuru mara nyingi ni vidogo kuliko kidole gumba, havina kiungo wala jino, na mtaalamu akivikagua huandika tu kwamba ni vya "mnyama wa kimo cha mbuzi". Maneno hayo hayatoshi, kwa maana mnyama wa kimo hicho anaweza kuwa mbuzi, kondoo au swala tomi, na hapo ndipo tunapojua iwapo watu walioishi katika Bonde la Ufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita walifuga, waliwinda, au walifanya yote mawili. Kwa sababu hiyo tulipeleka sehemu ya vipande vyetu katika maabara ya chuo kikuu kimoja barani Ulaya.

Njia inayotumika, ambayo Michael Buckley, Matthew Collins na wenzao waliichapisha mwaka 2009, hutegemea kolajeni, protini kuu ya mfupa, ambayo huweza kudumu hata pale DNA ilipokwisha kuharibika. Miligramu 10 hadi 30 hutosha. Madini huondolewa kwa asidi, kolajeni hupashwa moto iyeyuke, kimeng'enya cha tripsini huikatakata, kisha mashine yenye leza hupima uzito wa vipande vinavyopatikana. Kipande kimoja cha kolajeni ya mbuzi huonekana kwenye uzito wa takriban daltoni 3,093 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), ilhali kile kinacholingana nacho katika kondoo huonekana kwenye 3,033, na kwa tofauti hiyo ndogo baadhi ya vipande tulivyokuwa tumevikatia tamaa vilipata jina.

Ripoti ya kwanza, hata hivyo, haikuniridhisha. Ilitaja majina ya wanyama bila kuonyesha alama zilizotumika, yaani uzito wa vipande vya kolajeni unaomtambulisha kila mnyama, na hilo ni kasoro kubwa kwa sababu ng'ombe naye ana alama ya 3,033. Anayeandika "kondoo" lazima aonyeshe kwamba ameangalia alama nyingine pia. Tulipoomba, walitutumia majedwali kamili pamoja na data ghafi ya mashine, na tangu hapo mawasiliano yao yalikuwa ya heshima na ya wazi. Data hiyo, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko ripoti yenyewe.

Jambo ambalo mteja wa Afrika Mashariki anapaswa kuliuliza kabla ya kulipa ni hili: maabara inalinganisha mifupa na wanyama gani? Orodha za mwanzo zilijengwa hasa juu ya wanyama wa Ulaya, nasi tuna pofu, kongoni, nyati na swala wa kila namna. Hali imeboreka; mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliotoa alama mpya za wanyama wengi wa Afrika wa jamii ya ng'ombe na swala, ukatumika kwa mifupa ya kusini mwa Zambia, na mwaka huohuo njia hii ilitumika kwa mifupa ya pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Maabara isiyotumia alama za aina hiyo haitufai. Pundamilia na punda, kwa kawaida, njia hii haiwatenganishi, hivyo anayetafuta historia ya punda atumie njia nyingine.

Joto nalo huivunja kolajeni. Wenzetu wanaochimba nyanda za joto karibu na Kisumu na kandokando ya ziwa waombe kipimo cha awali cha nitrojeni, ambacho hudokeza iwapo kuna kolajeni ya kutosha, na mifupa iliyoungua hadi kuwa myeupe wasiipeleke kabisa. Kibali cha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na leseni ya utafiti ya NACOSTI (Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) vishughulikiwe mapema, kwa kuwa sampuli hukatwa na haiwezi kurudishwa ilivyokuwa. Maabara yetu ilirudisha mabaki yote katika vichupa vyenye namba zilezile tulizoandika, jambo ninalolishukuru.

Kwa mkusanyiko wenye vipande vingi visivyo na umbo, ninaipendekeza huduma hii, mradi data ghafi iandikwe katika makubaliano tangu mwanzo. Vipande vilivyorudi kwetu vikiwa na jibu la "swala, aina haijulikani" vinaweza kusomwa upya alama nyingine zikichapishwa, bila kuukata mfupa mara ya pili.